Hyumido imeganda kwenye 78 wiki ya tatu sasa, siga zimekuwa laini kama sponji, nifanyeje?

KopoLaMwerezi:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kabla sijaitupa hii kitu dirishani. Miezi miwili iliyopita nilipata hyumido, yaani boksi la kutunzia siga (zile sigara nene za majani ya tumbaku) zisikauke, ni ya mbao, zile za kuweka mezani, wanasema inabeba siga 50, ndani imepigwa mwerezi wa Kihispania na inanukia vizuri kweli, kwenye kifuniko ina haigromita, yaani kipima unyevu, ya mshale na kile kidude cheusi chenye sponji ya maji. Nikasoma mahali kwamba usiweke siga kwenye boksi jipya kabla hujaliandaa maana mbao kavu zitanyonya unyevu wa siga zako, basi mimi nikachukua kitambaa nikakilowesha chepechepe nikafuta ndani kote mara tatu, sponji nikaijaza mpaka ikawa inadondosha, nikafunga siku mbili halafu nikapanga siga zangu 22.

Mwanzoni mshale ulisoma unyevu asilimia 70, nikajiona fundi. Baadaye 74. Sasa ni wiki ya tatu umeganda kwenye 78 haushuki hata kwa maombi. Siga ukiibonyeza inabonyea na inabaki hivyo hivyo. Nimevuta mbili, ya kwanza imezima mara nne, ya pili imeungua upande mmoja upande wa pili umebaki mzima kama mtumbwi, na kuvuta kwenyewe ni kama unavuta hewa kupitia godoro. Nyingine moja jani la nje limechanika lenyewe ndani ya boksi, hakuna mtu kaigusa.

Sponji nimeshaitoa, leo siku ya tano. Kifuniko nimeacha wazi usiku kucha mara tatu na hapo ndio sielewi kabisa, asubuhi naikuta imepanda hadi 81!! Boksi liko wazi halafu unyevu unaongezeka, hii imekaaje? Na siga zenyewe bado zinaokoka au nihesabu hasara?

Kiberiti_Kimoja:
Mkuu usihangaike, chukua soksi safi jaza mchele, funga, tupia humo ndani, kesho asubuhi njoo unishukuru. Mwaka wa pili huu natumia soksi na sijawahi kununua hivyo vipakiti vyenu vya kurekebisha unyevu. Na kifuniko endelea kuacha wazi, unyevu lazima utoke, kwani utaenda wapi.

MajivuMarefu:
Pole kaka, hapo ulipo karibu wote humu tumepita, mimi mwenyewe boksi langu la kwanza nililifuta kwa kitambaa kama wewe na mbao zikavimba mpaka kifuniko kikawa hakifungi vizuri. Kufuta kwa maji ni ushauri wa zamani, umeshaachwa na wengi lakini bado unazunguka kila mahali. Siku hizi unaweka tu paketi ya Boveda namba 84, zile za kushikilia unyevu kwenye asilimia iliyoandikwa, ndani ya boksi tupu, unafunga wiki mbili, mbao zinakunywa taratibu zenyewe basi.

Ila kabla ya lolote, nani amekwambia ni 78? Huo mshale? Hizo haigromita za mshale zinazokuja na boksi ni mapambo, zinaweza kudanganya hata kwa pointi 10 juu au chini na bado zikakaa na sura ya dhahabu. Ipime kwanza. Chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya kawaida ya mezani, dondoshea matone machache ya maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, usiiyeyushe, ikielea kwenye maji umeharibu anza upya. Weka kifuniko hicho pamoja na haigromita kwenye mfuko wa zipu au kopo la plastiki linalobana sawasawa, chumvi isiiguse haigromita, acha saa 24 sehemu ambayo joto halipandi na kushuka. Chumvi iliyolowa namna hiyo inaishikilia hewa ya humo kwenye asilimia 75 na chumba kiwe na nyuzi 20 au 30 namba hiyo haisogei kitu cha maana. Kesho yake ikisoma 75 iko sawa, ikisoma 70 ujue inapunguza 5, na kuendelea. Fanya hivyo halafu rudi hapa na namba ya kweli, maana sasa hivi tunatibu mgonjwa ambaye tumemwona kwenye picha.

Mpita_Njia_77:
Watu wazima mnabembeleza majani kama mtoto wa incubeta. Acheni kuvuta mtapumzika na mshale.

MajivuMarefu:
Karibu upite mkuu, hoja yako hatuna cha kuipinga. Ila ukitoka funga mlango, unyevu unaingia.

FundiMizani:
Swali la kifuniko ndio swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi na hamjamjibu. Kaka umepima chumba? Nasema chumba, boksi tuliache kwanza. Wote mnampa dawa za boksi na hakuna aliyeuliza boksi limekaa wapi. Kuacha wazi kunasaidia pale tu hewa ya chumbani ikiwa kavu kuliko ya ndani ya boksi, unyevu unatoka kwenye wingi unaenda kwenye uchache, kwa hiyo kama chumba kina 80 na boksi lina 74 ukifungua unakuwa umeukaribisha ndani. Nina wasiwasi hicho ndicho kinachokupata na kila usiku ulioacha wazi umejiongezea kazi.

Halafu tupige hesabu kidogo maana wengi hawajui maji yanakaa wapi. Tuseme boksi lako kwa ndani ni sentimita 25 kwa 20 kwa 8, hizo ni lita 4. Hewa ya nyuzi 20 hata ikishiba kabisa inabeba kama gramu 17 za maji kwa mita moja ya ujazo, yaani lita elfu moja. Kwa lita zako 4 ni chini ya gramu 0.1, tone moja au mawili ya maji basi. Sasa angalia siga, siga moja ya kawaida ina gramu 10 hadi 15 hivi na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo ni maji, kwa siga 22 una zaidi ya gramu 20 za maji, na bado hatujagusa mbao ulizozinywesha mara tatu kwa kitambaa. Ukifungua kifuniko dakika kumi unatoa lile tone, ukifunga mbao na tumbaku zinarudisha tone jingine muda si mrefu mshale unarudi pale pale. Wewe unafikiri dawa imekataa kumbe hujagusa hata ndoo umefuta tu ukingo wake. Ndio maana kushusha unyevu ni kazi ya wiki kadhaa na mtu akikuahidi kesho asubuhi muulize anashusha nini, namba au maji.

Joto nalo. Hiyo asilimia tunayosoma ni ya kulinganisha, maji yaliyopo kwenye hewa ukilinganisha na kiasi ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto hilo, na hewa ya nyuzi 30 inabeba kama gramu 30 kwa mita ya ujazo, karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 20. Boksi tupu la kioo ukilipasha moto asilimia inashuka. Lakini boksi lililojaa tumbaku na mbao halifuati hivyo, vitu hivyo vikipata joto vinatema maji na mshale unabaki ulipo au unapanda kidogo, kwa hiyo anayekwambia uweke juani likauke msikilize kwa adabu halafu usifanye. Upande wa pili ni kupoza, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu 70 ukiishusha mpaka 24 hivi inaanza kutoa umande. Wenye hyumido za friji za mvinyo wanalijua hili, mtu anafungua mlango kila saa kuzitazama halafu anashangaa ukuta wa nyuma unatiririka.

Mchele, ndugu yangu Kiberiti, unanyonya kidogo na taratibu na hakuna anayejua umeshiba saa ngapi, haudhuru sana lakini haukusikilizi pia. Ile silika kavu ya kwenye maboksi ya viatu ndio kinyume chake, haina breki, ukiisahau humo siku tatu utakuta siga zinalia kama majani makavu. Ukitaka silika tafuta zile shanga zilizotengenezwa kushika namba fulani, 65 kwa mfano, zenyewe zinanyonya hewa ikizidi na zinatoa ikipungua.

Kiberiti_Kimoja:
Fundi umeandika tasnifu. Soksi langu liko palepale na siga zangu zinaungua vizuri.

FundiMizani:
Chumba chako kina asilimia ngapi?

Kiberiti_Kimoja:
Sijui, sijawahi kupima.

KopoLaMwerezi:
Wakuu nimerudi na majibu na naona aibu kidogo. Tesiti ya chumvi saa 24 mshale umesoma 80, kwa hiyo unaongeza pointi 5, maana yake ile 78 yangu ilikuwa 73 na ile 81 ya asubuhi ilikuwa 76. Nikaazima haigromita ya dijito nayo nikaipima kwenye chumvi ikasoma 75 kamili, nikaiweka boksini ikasema 74. Sawa.

Halafu nikaiweka chumbani juu ya kabati lilipo boksi. 79!! Joto nyuzi 29. Yaani Fundi ulikuwa unaniona. Usiku nilikuwa nafungulia unyevu wa nje uje kulala kwenye siga zangu na mimi nipo pembeni nasubiri utoke.

Na kuna jambo jipya silipendi, leo natoa zote nje kuzikagua nimeona mbili zina vidoa vyeupe juu ya jani, na moja ina kitu kama pamba upande wa kuwashia. Jirani yangu anasema ni ile poda ya ukomavu, ishara kwamba siga imeiva vizuri. Ni kweli?

DadaMoshi:
Jirani yako anakutakia mema lakini siga zako zimekaa miezi miwili kwenye boksi lenye maji, ukomavu gani huo. Ni ukungu. Hiyo ya pamba tupa leo, usiivute na usiirudishe na wenzake, upande wa kuwashia ukishaota pamba ujue umeshaingia kwenye majani ya ndani na huwezi kuusafisha ukaisha. Zile mbili za vidoa juu ya jani zifute kwa kitambaa laini kikavu, nje au dirishani vumbi lake lisikae ndani, weka pembeni peke yao wiki mbili tatu uone kama vinarudi. Mtu mwenye pumu asifanye kazi hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Kosa kubwa ni kutaka kukausha boksi na siga kwa pamoja, vinabadilishana maji na hakuna kinachokauka. Vitenganishe. Siga zote nzuri ziweke kwenye kopo la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, lile linalobana mpaka linatoa mlio, liwe halina harufu ya kitu chochote kwa sababu tumbaku inanyonya harufu kuliko nguo. Weka humo paketi mbili kubwa za gramu 60 za namba 65. Hizo paketi ndani yake zina maji ya chumvi yaliyoshiba nyuma ya ngozi inayopitisha mvuke tu, ni ile ile hesabu ya chumvi yako ya kwenye mfuko wa zipu ila chumvi zilizotumika ni nyingine ndio maana namba inabadilika. Zikinyonya utaona zinavimba, ni sawa, ndio kazi yake. Usichanganye 65 na 69 kwenye kopo moja maana moja itakuwa inatema nyingine inanyonya mpaka zote zichoke. Haigromita ya dijito iingie humo humo, kisha funga na uondoke. Ikishuka pointi moja au mbili kwa wiki umefanikiwa. Ukitaka ishuke pointi kumi kwa siku mbili jani la nje litakauka na kusinyaa wakati ndani bado kumevimba na hapo ndio zinachanika zote, wala halitakuwa kosa la boksi.

Boksi nalo liache wazi, TUPU, kwenye chumba kikavu kuliko hicho. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa saa nyingi kinafaa, au kile chenye mashine ya kukausha hewa. Usilipige na mashine ya kukaushia nywele wala usiliweke juani, mwerezi ule mwembamba unapinda na ukishapinda kifuniko hakitakaa kibane tena maisha yako yote. Kama kuna ukungu kwenye mbao pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ile isiyo na rangi wala harufu ya kuongezwa, acha ipae kabisa siku mbili tatu. Sponji hiyo tupa, kama uliijaza maji ya bomba ndipo ukungu ulipozaliwa, inataka maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na madini, na hata hivyo sponji inajua kutoa tu haijui kurudisha.

Na hizo nyuzi 29 ndizo zinazonitisha mimi kuliko hata 74.

KopoLaMwerezi:
Asante sana dada. Nyuzi 29 kivipi tena? Nilijua joto ni la siga kukauka tu.

DadaMoshi:
Fukusi wa tumbaku. Kijidudu cha kahawia, milimita 2 au 3 tu, mayai yake huja na majani tangu huko yanakotoka na huwezi kuyaona. Chini ya nyuzi 20 hivi yanalala tu, ukivuka 24 na unyevu ukiwepo wa kutosha yanaanza kuangua, funza wanakula siga kwa ndani wanachimba njia, na wewe utajua siku utakapokuta tundu la duara kama limetobolewa na pini na vumbi jembamba chini ya boksi. Wakitoka kwenye moja wanahamia nyingine.

Kwa joto lako mimi ningezigandisha kabla hawajaanza. Mifuko ya zipu miwili mmoja ndani ya mwingine, kamua hewa, siku moja kwenye friji, kisha siku nne friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kisha siku moja friji tena, kisha nje na usifungue mfuko mpaka zifike joto la chumba vinginevyo umande utashukia moja kwa moja kwenye jani. Usiruke hatua ya friji, kubadilika ghafla kunapasua. Ila shusha unyevu KWANZA, siga iliyovimba maji ukiigandisha unajitafutia mengine.

KopoLaMwerezi:
Na nikiziweka tu moja kwa moja kwenye friji la vyakula zikae humo humo? Kuna baridi na nasikia hewa yake ni kavu.

MajivuMarefu:
Hewa yake ni kavu mno na harufu ya kila kilichomo itaingia kwenye siga. Siku moja kwenye mfuko uliofungwa haina shida, makazi ya kudumu hapana.

Na tukija kwenye ile poda ya ukomavu. Najua kuna wanaoiamini mpaka wanagombana, wanasema ni mafuta ya tumbaku yanayotoka nje na kukauka. Mimi nimevuta siga miaka mingi na kila "poda" niliyoonyeshwa ikawekwa chini ya lenzi nzuri imeonekana ina nyuzinyuzi na mashina, ukungu mtupu. Sitasema haipo kabisa duniani ila ukiona cheupe anza kuamini kibaya kwanza. Kikiwa na kijani au bluu hapo hata mabishano hakuna.

FundiMizani:
Nikuongezee moja kuhusu boksi la mbao kabla hujarudisha siga humo. Washa tochi ya simu iweke ndani usiku zima taa funga kifuniko, ukiona mwanga unatoka pembeni basi na hewa inapita hapo hapo. Au bana karatasi kwenye kifuniko uivute, ikitoka kirahisi kifuniko hakibani. Maana kwa chumba cha 79 boksi linalovuja haliwezi kukaa 66 hata uweke paketi kumi, paketi zinakuwa zinajaribu kukausha nyumba nzima. Watu wanaoishi sehemu kavu wanalia paketi zao zimekuwa ngumu kama biskuti, wewe zako zitavimba kama mto, ugonjwa ni huo huo wa mlango.

Kusema kweli kwa hali yako ningebaki na kopo la plastiki moja kwa moja, weka humo vipande vya mwerezi kwa ajili ya harufu na vipokee mshtuko wa unyevu ukifungua. Haina sura ya kuonyesha wageni, hilo nakubali.

KopoLaMwerezi:
Ripoti ya wiki ya tano kwa waliokuwa wanafuatilia. Kopo lilianza 74, baada ya wiki ya kwanza 71, kisha 69, likakaa 69 siku kumi nikaanza kuingiwa na wazimu nikataka kuongeza silika za viatu, nikamkumbuka Fundi nikaacha. Leo 66, joto 23 kwa sababu nimelihamishia kabati la chini la ukuta wa ndani ambalo halipigwi na jua wala haliko karibu na jiko. Paketi zote mbili zimevimba kweli kama mto.

Friza nimezipeleka wiki iliyopita kwa utaratibu wa DadaMoshi, hakuna hata moja iliyochanika zaidi ya ile ya mwanzo. Zile mbili za vidoa vimepotea havijarudi. Jana nimevuta moja, nayo niliiacha kwanza siku mbili kwenye boksi tupu la mwerezi lililokauka kama nilivyosikia baadhi yenu mnafanya kabla ya kuwasha. Haikuzima. Majivu yalisimama mpaka karibu nusu, mpaka nikaogopa kuyadondosha. Kwa hesabu zangu kutoka 22 zimebaki 18, mbili za mwanzo nilizoziteketeza bure, moja ya pamba niliitupa, na hii ya jana.

Boksi la mezani nimelifanyia tochi. Linatoa mwanga kama kibanda. Ile haigromita ya mshale nimeiacha palepale kwenye kifuniko maana ukiitoa linabaki tundu, nimebandika kikaratasi kimeandikwa TOA 5.

Swali dogo la mwisho, paketi zikishavimba hivi nazirudishaje?

DadaMoshi:
Ukikuta kopo limekaa kwenye 65 hadi 66 wiki mbili bila kusogea ziache, zina nafasi bado. Likianza kupanda tena na huna ulichoongeza basi zimeshiba, weka mpya, hizo za zamani ziweke kwenye kopo jingine ulilozidisha ukavu kama unalo. Wengine wanazikausha kwenye chumba cha kiyoyozi zinapungua na kurudi kazini, inakubali mara moja mbili, usizipashe moto. Na siga mpya zinazoingia usizichanganye na hizo 18 mpaka nazo zipite friza.

Kiberiti_Kimoja:
Wakuu samahani narudi hapa kwa unyenyekevu. Baada ya Fundi kuniuliza swali lake nilinunua haigromita ya dijito, boksi langu 71, sio mbaya. Tatizo nimefungua lile soksi jana kubadilisha mchele nimekuta vijidudu vya kahawia vinatembea humo. Ni fukusi wa mchele tu au ndio wale wa DadaMoshi?

FundiMizani:
Chukua mmoja mweke kwenye karatasi nyeupe umpige picha ya karibu. Fukusi wa mchele ana pua ndefu mbele kama mkonga wa tembo, huyo hali tumbaku. Wa tumbaku hana mkonga, kichwa amekiinamisha chini ukimtazama kwa ubavu anaonekana ana nundu, na huyo mchele anakula vilevile. Yupi?

Kiberiti_Kimoja:
Ana nundu.